Kazi Niliyokupa kwa Mdomo

Brampton, Jumatatu

Mpwa wangu Gurnoor,

Natumaini huko Windsor unakula. Mimi mjomba wako ni mzima. Juzi niliendesha lori kwenye theluji kali hadi kulungu wakaniomba lifti, nikawapakia wawili.

Sasa nisikilize. Jana hekaluni tulikuwa tumekaa chini tunakula dengu. Balkar Singh, yule mwenye kampuni ya kujenga madaraja, akaniambia, "Mzee wa chumvi, Ijumaa niliajiri mhandisi, kijana katoka chuo juzi tu. Nilimtaka mpwa wako, lakini si ulisema ana ofisi ghorofa ya thelathini?"

Chapati ilinikwama. Ni kweli nilisema, tena mbele ya watu wote. Niliona aibu kusema kwamba mhandisi wetu anaosha vyombo, na sasa kibali chake cha kuishi nchi hii kimebakiza siku kumi na tisa tu, kisha arudishwe kwao.

Nikamwambia ukweli palepale. Akacheka. "Wewe? Na hili nalo nitaliaminije?"

Gurnoor, nilimshika miguu, mimi niliyemzidi miaka kumi. Watu waliacha kula wakatutazama. Akaninyanyua, akasema, "Basi, kaka, basi. Nina daraja jingine Hamilton. Aje mwenyewe Jumapili na vyeti vyake, nimsikie yeye. Ila wewe usifungue mdomo."

Njoo, mwanangu, hata kwa miguu. Mimi nitakaa mlangoni mwa hekalu, pale watu wanapovua viatu, na wakiniuliza habari zako, nitasema sijui.

Mjomba wako,
Sukhdev