Tumbo la Ukuta

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limo kwenye jalada, mtaani anaitwa Mama Pindo
Umri: miaka 56
Kazi: fundi cherehani
Makazi: vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni
Uhusiano na marehemu: mke

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Jumapili, saa mbili asubuhi, nilikuwa nyumbani nikimbembeleza mume wangu, fundi mwashi, twende tukaone magofu ya mji wa kale. Miaka thelathini na moja ya ndoa hatujawahi kutoka pamoja isipokuwa kwa msiba au harusi. Alisema, "Siku sita nashika mawe. Ya saba niende kuyatazama?" Nikamwambia, "Tembea uone, mzee." Akasema ameshaona. Nikanuna, naye nikinuna hana ujanja. Alivaa shati nililomshonea mwenyewe, na kunitania kwamba gauni langu jipya linalia kwa kubanwa na tumbo.

Tulifika kwa basi saa sita na nusu. Mlinzi wa pale ndiye anayekata tiketi, na ndiye anayetembeza wageni. Mume wangu alitufuata akiburuza miguu. Mlinzi alipotusimulia habari za wafalme, yeye alikuwa akikwangua chokaa kwa ukucha. Nilimwambia ananitia aibu.

Saa nane kasoro dakika kumi tulifika kwenye ukuta mrefu kuliko zote. Nilitaka picha. Nilimpa mlinzi simu yangu, nikamvuta mume wangu ubavuni. Hakuitazama simu. Aligeuka, akaweka kiganja ukutani, akasema, "Mama, tumbo hilo. Tutoke."

Nieleze hapo. Ukuta uliofura kwa nje, unaotaka kuanguka, waashi husema una tumbo. Nimelisikia neno hilo tangu nilipoolewa, wakati wa kula na wakati wa kulala. Lakini siku ile nilidhani ni gauni. Mazoea yana taabu. Nilijishika tumbo kwa mikono miwili, nikamwambia mlinzi, "Piga, na tumbo liingie." Mlinzi alicheka, akapiga.

Mara mume wangu akanisukuma kwa nguvu. Nilianguka kifudifudi kama hatua nne mbele. Nilikasirika, nikaanza kusema, "Wewe mwanamume una nini?" Sikumaliza, ukuta ulikuwa umeshuka. Vumbi lilipotulia niliona mkono wa shati tu kati ya mawe. Niliujua kwa pindo lake. Mimi na mlinzi tulifukua kwa mikono kwa muda wa dakika arobaini mpaka gari la wagonjwa likafika. Daktari alisema amekwisha kufa.

Nimeambiwa kwamba mlinzi ameeleza hapa kituoni kuwa marehemu aliusukuma ukuta, na kwamba picha ni ushahidi. Ni kweli kiganja chake kiko ukutani. Hivyo ndivyo alivyopima kuta. Hata akialikwa chakula kwa watu, hugusa ukuta kwanza ndipo akae. Wifi zangu walimcheka kwa hilo. Mlinzi alimsikia akisema tutoke. Simlaumu kwa kucheka, maana nilianza mimi. Namlaumu kwa kusema uongo juu ya mtu asiyeweza kumjibu.

Kwenye picha hiyo mimi nimejishika tumbo, nacheka. Mume wangu hakutaka kwenda. Mimi ndiye niliyemtoa nyumbani, na hilo nalo liandikwe.

Afisa ameniuliza mara mbili kama marehemu alisukuma kitu chochote pale. Ndiyo. Alinisukuma mimi.

Niliyoyaona na kuyasikia ni haya, nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo haya saa kumi na dakika tano jioni na kuyakubali. Nilikuwa nimeandika "marehemu alitaja kasoro ya ukuta." Shahidi aliomba nifute, niandike "tumbo" kama lilivyosemwa. Nimefuta. Simu imepokelewa kama kielelezo. Nilipomtaka anionyeshe picha, aliifungua simu, akanipa, akageukia dirishani.