Nyuma ya Bosi Kwenye Theluji

Hjulsta, Jumapili, Februari 2010

Baridi kavu, na jua lisilo na joto. Mapaja yananiuma hata nikiwa nimekaa.

Jana ofisi yetu ilikwenda kutembea msituni, ng'ambo ya mtaa wa Flemingsberg. Nilikubali kwa sababu niliogopa kukataa. Muda wangu wa majaribio kazini unaisha wiki inayoanza kesho, na hakuna aliyeniambia kama nitabaki. Sijauliza. Nilivyolelewa, mdogo haulizi, anasubiri aitwe.

Tuligawiwa viatu vya theluji. Ni vipana kama ungo, vya plastiki, na chini vina meno ya chuma. Unakanyaga juu yake na buti zako, unakaza mikanda, kisigino kinabaki huru. Mimi nilivaa cha kulia kushoto, vifungo vikanasana, nikaanguka kabla ya hatua ya kwanza.

Ya Espérance (kwao “Ya” ni dada mkubwa), Mkongo tunayekaa naye chumba kimoja ofisini, aliinama akanivalisha upya kama mtoto wa chekechea.

“Petit, mudogo wangu, tanua miguu. Tembea kama bata. Hakuna mwenye anakuangalia.”

Walikuwa wananiangalia wote.

Bosi wetu, Birgitta, amekaribia kustaafu. Hapa kwa Waswidi kila mtu anamwita kwa jina tupu, hata mimi, ingawa ulimi bado unasita. Alitangulia. Nikajipanga nyuma yake, nikikanyaga pale pale alipokanyaga, wengine wakafuata. Haikuwa ngumu hata kidogo. Nilijiona nina adabu.

Mara mbili alisimama kando, akanitazama. Nami nikasimama. Nikatabasamu. Akaendelea.

Ndipo sauti ya Ya Espérance ikatoka nyuma: “Weye! Mama wa watu anachoka, na unamufuata tu kama mukia!”

Nikamjibu kwamba siwezi kumtangulia mkubwa.

“Mukubwa gani? Mwenye kuwa mbele ndiye anakanyagia wengine njia. Ni zamu. Pita!”

Nikamtazama Birgitta vizuri kwa mara ya kwanza. Uso ulikuwa mwekundu, anahema, kofia ameivua na nywele zimelowa jasho. Nusu ya safari nilikuwa nimemwachia mama wa umri ule kazi ya kijana, nikaiita heshima.

Nilipita bila kumtazama usoni. Theluji ambayo haijakanyagwa ni kitu kingine kabisa. Hata na viatu vile nilizama, na kila hatua ilikuwa kama kupanda ngazi. Nyuma yangu nilisikia pumzi yake ikitulia kidogo kidogo.

Tuliposimama kunywa kahawa alinijia na chupa yake ya chai, akanimiminia kikombe. Akasema kwa Kiswidi, bila hasira yoyote, “Nilidhani hutaki kwenda mbele.”

Nilisema nataka.

Hutaki.

Leo nimefua, nimepika maharage, nimepiga pasi shati, na neno hilo halijaniacha. Miezi yote hii nimesubiri Birgitta aanze kuzungumzia kazi yangu. Je, naye amesimama kando, ananitazama, anasubiri mimi?

Kesho sitangoja kuitwa. Nitagonga mlango wake asubuhi na kusema kwamba nataka kubaki. Naogopa sana.

Nitaingia hata kwa mwendo wa bata.