Doli Iliyovaa Jinzi ya Dada Yangu

Mpendwa Mshauri Hasina, naomba msaada wako kabla sijaharibu zaidi, kwa maana kila ninachojaribu kurekebisha kinazidi kuharibika, na aliyeumia ni dada yangu Kavindu, ambaye ndiye mama pekee ninayemkumbuka vizuri.

Naitwa Kalekye, nina miaka ishirini na saba, tunaishi hapa Kabati na kazi yangu ni kushona doli. Si zile za watoto kuchezea, ni doli za kuwekwa kwa rafu, za watu wazima wanaopenda kukusanya, kila moja na nambari yake chini ya mguu, na zangu zote huvaa nguo za miaka ya elfu mbili na kitu, zile wasichana wa Kitui walikuwa wakivaa nikiwa mtoto, kwa sababu siku hizi watu wanazitafuta tena sana. Nywele natengeneza na rasta, jinzi nakata kutoka kwa suruali za mitumba zilizochakaa, na vipande vya vitambaa napewa na rafiki yangu Ismahan, ambaye baba yake ana duka la nguo hapa sokoni, mlango wa pili kutoka kwetu. Ismahan ndiye pia huzipiga picha na kuziweka mtandaoni.

Sasa dada. Mama yetu alifariki mwaka wa 2004 nikiwa na miaka sita, baba alikuwa ametangulia, na Kavindu alikuwa na miaka ishirini na moja, anasomea ubunifu wa mavazi kule Machakos. Aliacha masomo akarudi nyumbani, akanilea, akaanza kushona sare za shule, na hajawahi kurudi kumaliza, wala hajaolewa. Mimi humwita mwaitu, yaani mama, mpaka leo. Sijamsikia akilalamika hata siku moja, lakini tangu nipate akili huwa naona kama mimi ndiye niliyeyakalia maisha yake.

Mwezi wa tatu nilikuwa natafuta uzi kwa droo ya cherehani yake nikapata picha. Alipigwa studio, Kitui mjini, nyuma yake pazia lenye maporomoko ya maji, naye amevaa jinzi hipsta, ile ya kukalia nyonga, iliyopanuka chini, topu ya rangi ya chungwa iliyoishia juu ya kitovu, miwani ya vioo vya samawati na viatu vya soli nene kama tofali, mkono kiunoni, anaangalia kamera kama mwenye studio. Mshauri, huyo mtu sikuwa namjua. Mimi namjua mwanamke wa sketi ndefu na sweta ambaye mdomoni huwa na pini. Nililia, halafu nikaichukua ile picha na sikumwambia.

Nilishona wiki tatu nikiwa kwa kina Ismahan ili asione. Ilitoka vizuri kuliko doli yoyote niliyowahi kushona, na kwa boksi nikaandika: "Kavi wa Kitui, 2004. Alikuwa nyota kabla ya kuwa mama." Nilidhani namheshimu. Ismahan akaiweka mtandaoni, watu wakaipenda vibaya sana, na mama mmoja wa Nairobi anayekusanya doli akaagiza kumi na mbili kwa ajili ya maonyesho ya mwezi wa nane.

Kavindu alijulia mbele za watu. Yeye ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, na walikuwa na mkutano Mukuyuni, wakati wa chai mmoja wao akatoa simu akasema, "Mwenyekiti, si huyu ni wewe, kitovu nje?" Wote wakacheka.

Alipofika nyumbani aliniomba doli. Akaigeuza, akavuta mshono wa kando kidogo na ukucha, akasoma boksi mara mbili. Halafu akaniuliza, "Kalekye, hii 'kabla' ni ya nini?"

Nikasema, "Pole mwaitu, nitaifunika tumbo. Hata hiyo jinzi nitaitoa."

Akasema "Sawa," akaenda kuanua nguo.

Kesho yake nikaishonea ile doli sketi ndefu na sweta, nikampelekea nikidhani atafurahi. Aliishika kidogo akasema, "Kumbe hata wewe." Basi. Sasa ni wiki ya tatu, ananiongelesha mambo ya chakula na stima pekee, na cherehani yake ameihamishia chumbani, sisi ambao tumeshona meza moja tangu niwe darasa la sita. Ismahan anasema nisiache kazi ya maonyesho. Mimi nafikiria kuichoma hiyo doli na kufuta kila kitu. Nifanye nini, Mshauri?

Kalekye, Kabati


MSHAURI HASINA ANAJIBU

Kalekye mwanangu, kwanza weka kiberiti chini. Hakuna kitakachochomwa.

Nimeisoma barua yako mara mbili na nimekupenda, kwa hivyo nitakukaripia bila woga. Uliingia kwa droo ya mtu, ukachukua picha yake, ukamshona, ukamtangaza, ukampa jina na ukaandika maisha yake kwa boksi, yote hayo bila kumuuliza mtu ambaye mnakula naye sahani moja. Huwezi kushona sare ya mtoto bila kumpima. Dada yako ulimshona kwa kukisia.

Lakini hilo silo lililomuuma zaidi, na hapo ndipo umepotea njia. Wewe unahangaika na kitovu. Kavindu hajasema neno lolote kuhusu kitovu! Alikuuliza swali moja, la neno moja, nawe ukamjibu habari ya tumbo. Soma tena ulichoandika: alikuwa nyota kabla ya kuwa mama. Maana yake ni nini? Kwamba siku aliyokushika mkono, alizimika. Miaka ishirini na moja ya mwanamke huyu, sare zote alizoshona, wewe mwenyewe ulivyokua ukawa fundi, umeviweka upande wa giza na ukawaonyesha watu wa Nairobi. Halafu akiwa bado na kidonda hicho ukamletea sketi na sweta, kana kwamba na wewe unamwonea aibu kama wale waliocheka. Ungekuwa yeye, ungesema nini zaidi ya "kumbe hata wewe"?

Najua kwa nini uliandika hivyo. Umebeba hatia tangu utotoni na hujawahi kuitoa mdomoni. Pole, mwanangu. Ni mzigo mkubwa kwa mtoto. Ila umejihukumu kwa kosa ambalo hakuna aliyekushtaki, na dada yako hujamuuliza kama kweli aliibiwa. Huenda atakuambia ndiyo, yale masomo yaliniuma. Huenda atakuambia kitu kingine kabisa. Vyovyote atakavyosema, ni yeye wa kusema.

Kuhusu wale akina mama wa Mukuyuni, usipoteze usingizi. Mimi nina miaka arobaini na sita, nilikulia Mwingi, na chini ya buibui yangu ya miaka ile kulikuwa na suruali ambayo mama yangu mpaka leo hajui ilinunuliwa wapi. Wengi waliocheka wana picha zao mahali, wamezificha vizuri kuliko dada yako.

Sasa fanya hivi, na ufanye wiki hii. Leo mwambie Ismahan atoe ile picha na yale maneno mtandaoni. Mpigie mteja wako umwambie kazi imesimama mpaka mwenye sura aamue, na kama hatangoja, aende salama. Vua hiyo doli sketi na sweta. Kisha ingia chumbani kwa Kavindu mchana, akiwa kwa cherehani, umrudishie picha yake kwa mikono miwili, uombe msamaha kwa kuichukua, na umwambie lile jambo ambalo umeniambia mimi, mtu usiyemjua: kwamba unaona uliyakalia maisha yake. Ukishasema, nyamaza. Usijitetee, usilie kwa sauti mpaka aache yake aanze kukubembeleza wewe. Akisema hataki doli hiyo iuzwe, haiuzwi, na usimnunie. Akikubali, boksi ataandika yeye.

Na uniandikie. Nataka kujua.


KALEKYE ALIANDIKA TENA, NA DADA YAKE AMEKUBALI TUCHAPISHE

Mshauri, niliingia. Nilisema yote, vibaya vibaya, nikanyamaza kama ulivyoniambia. Alimaliza kushona kola aliyokuwa nayo kwanza. 

Akasema, "Nililia mwaka mzima. Siwezi kukudanganya. Nilimlilia mama, nikalilia shule. Lakini hiyo jinzi niliivaa mpaka ukafika darasa la tatu. Nilikuwa nakupeleka shule nayo, umeshikilia mkanda wangu nyuma, unanivuta kama mbuzi, na wanaume wa stendi wanatupigia mbinja na wewe unawarushia mawe. Kabla gani unayosema? Nilikuwa nyota na wewe ukiwa hapo."

Tulicheka, Mshauri, tukacheka mpaka Ismahan akatoka dukani kuja kuuliza kuna nini. Halafu mwaitu akachukua doli akaniambia mshono wa kando ulikuwa umepinda, yeye mwenyewe ndiye alishona ile jinzi Machakos na hakuwa anashona hivyo. Akaifumua yote mbele yangu. Cherehani imerudi mezani.

Mama wa Nairobi amekubali kungoja, na doli sasa ni mbili kwa kila boksi, mkubwa na mdogo aliyeshikilia mkanda. Wakubwa nashona mimi. Huyo mdogo nilitaka kujaribu, nikanyang'anywa sindano.

"Huyo achana naye," mwaitu akaniambia. "Wewe hujui ulikuwa unakaa aje. Mimi ndiye nilikuwa nakuangalia."