Kocha, Bado Tunakula Muthokoi

Kocha,

Hii ni wiki ya sita tangu tukulaze kwenu Kitui, na mimi nimekasirika. Najua marehemu haandikiwi hivyo. Lakini ni wewe uliyenifundisha nisipoteze raundi ya kwanza kwa kuzungukazunguka.

Udongo wa kaburi ulikuwa bado haujakauka viatuni nilipomsikia Otis, bondia mwenzetu, akisema, "Si ni hizo maharagwe zake? Mwili ya bondia inataka vitu za kisasa." Moyo wako umesimama, nao wanashtaki maharagwe! Daktari alisema ni presha, uliyoibeba miaka bila kutibiwa. Hapo nakulaumu wewe. Sisi ulitufukuza twende tukapimwe, wewe mwenyewe hukupata nafasi.

Sasa jimu yetu ya Kawangware iko mikononi mwa Brayo, mpwa wa landilodi. Ameondoa jiko pale nyuma akaweka rafu ya mikebe: unga wa protini, vidonge vya vitamini, mingine haina hata lebo. Ametangaza kwamba asiyetumia mikebe yake haingii kwenye timu ya pigano la Jumamosi hii mtaani Satellite. Mimi ananiuliza mbele ya watu, "Akinyi, utajenga misuli na ndengu wewe?"

Unakumbuka Jumamosi zetu? Kila bondia alileta konzi moja ya alichonacho, tukapika sufuria moja. Wengine ndengu, wengine maharagwe, mimi omena, wale dagaa, kutoka kwangu Gatwekera. Wewe ulileta muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, umeshayaloweka. Asiye na kitu alikula kama wengine na hakuna aliyemuuliza.

Na ile siku ya aibu yangu? Nilikuwa nimenunua unga wa mkebe kwa siri, nikaogopa kuunywa peke yangu, nikaumwaga wote kwenye sufuria ili tupate nguvu sote. Muthokoi ikatoa povu na kunukia vanila. Ulionja kijiko kimoja, ukatuangalia. "Leo ni birthday ya nani?" Nililia mbele ya mabondia kumi na mmoja. Hukuimwaga, maana kwako chakula hakitupwi. Ulikaa kando yangu tukala wawili, umekunja uso kama mtoto anayenyweshwa dawa. Kisha ukasema, "Ukitaka nguvu, kula kitu unaweza tafuna."

Sisemi kila mkebe ni sumu. Dada yangu alipokuwa na mimba, kliniki ilimpa vidonge vya kuongeza damu na vikamsaidia. Ninachokataa ni kuambiwa na muuzaji kwamba chakula cha mama zetu ni cha watu walioshindwa. Nimekataa, na sirudi nyuma.

Kwa hiyo nimelichukua jiko. Jumamosi iliyopita nililiwasha nje ya chumba changu hapa Gatwekera. Walikuja wanne na konzi zao. Wa tano alikuwa Otis, mikono mitupu, macho chini. Nilitaka kumpiga na mwiko, Kocha, Mungu ananiona. Nikampakulia. Akaomba tena, nikamwongeza.

Brayo amelikata jina langu. Basi nilitembea hadi Satellite nikawaomba waandalizi waniandike bila timu, na wameniandika. Ila kona yangu haina mtu. Nikikaa kwenye kile kiti kati ya raundi, nitageuka kukutafuta, najua nitageuka tu. Nimekumiss hadi nashindwa kufunga bandeji za mikono, maana ulikuwa unanifunga wewe.

Nikishindwa watasema ni ndengu. Nikishinda watasema ni bahati. Waseme hadi wachoke.

Pumzika, Kocha wangu. Nakuahidi jambo moja: nikianguka ulingoni Jumamosi hii, nitaanguka nimeshiba.

Wako,
Akinyi