Kumngoja Baluku

Bwera, mpakani

Dada yangu Anastazia,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na yule mbuzi wako mwenye kiburi, bado anatafuna nguo kwenye kamba? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mvua imenyesha, kahawa imeiva, na mama mkwe wangu anakula vizuri ingawa macho sasa yamekwisha kabisa. Anakusalimu, anakuita "ule wa Tabora."

Niliona ujumbe wako wa simu: "Mjane anacheza dansi? Watu watasemaje?" Sikukupigia kwa sababu salio lingeisha katikati ya kilio, na kilio changu, dada, hakifupishiki. Barua hii nimempa dereva wa lori anayekwenda Mwanza, ataiposti huko. Isome yote kwanza, ndipo ukasirike.

Unakumbuka marehemu mume wangu alivyopenda dansi ya salsa. Baluku aliiokota Kampala alipokuwa utingo wa malori, akaja nayo nyumbani kama wengine wanavyokuja na redio. Kila Jumapili baada ya kanisa tulikunja turubai la kuanikia kahawa tukacheza uani, mama yake ameketi mlangoni akisikiliza miguu yetu na kucheka. Salsa yote ninayoijua niliijua pale. Tulipomzika, nikaacha. Nilikuwa nauza vitenge vyangu sokoni Mpondwe, narudi, nalala nimegeukia ukuta, mpaka mama mkwe mwenyewe akachoka.

"Mutoto wangu, nyumba hii inanuka kilio," akaniambia. "Kwenda ucheze. Mimi iko hapa."

Basi Kasese, kwenye ukumbi wa hoteli moja, kuna watu wanaokutana Jumapili alasiri: walimu, manesi, wanajeshi wa kambini na wake zao. Si mashindano. Anakushika mkono yeyote, mnacheza wimbo mmoja, mnashukuriana. Siku ya kwanza nilikaa karibu na mlango nimekumbatia mkoba kama mtu anayesubiri gari. Nikajiona mjinga, nikajiwekea malengo, na usinicheke: nisimkatae mtu, nisiangalie sakafu, na nikikosea nicheke badala ya kuomba msamaha kama niliyemwaga mchuzi wa wageni. Polepole nikaweza. Mwanajeshi mmoja mnene alinikanyaga, akasimama wima kabisa: "Pole, madamu! Kosa iko yangu!" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu msiba.

Lakini kila niliyecheza naye alilalamikia jambo lilelile. Nikishazungushwa, nasimama kidogo kabla ya kuendelea. Mwalimu wetu, Kambale, Mkongo wa Butembo, mtu mpole sana, akanivuta pembeni.

"Mama, unacheza muzuri," akasema. "Lakini nyuma ya kuzunguka unasimamaka. Musiki iko inaenda, weye unabakia. Unangojaka nani?"

Nikafungua mdomo nimwambie simngoji mtu. Hapo ndipo nikauona mguu wa Baluku, dada, ule uliovunjika kwenye lori ukaungwa vibaya. Kila aliponizungusha ilimbidi auvute kwanza, nami namngoja, tunaondoka pamoja. Miaka yote hiyo nilidhani ndiyo salsa yenyewe! Kumbe nilijifunza kilema cha mume wangu. Nililia mbele ya watu wote, mpaka Kambale akazima muziki.

"Usilie, mama. Hii tutaitosha pole pole," akasema, maana kwao kutosha ni kuondoa, akidhani nalilia kosa.

Kuacha kungoja kukawa lengo langu la mwisho, nalo ndilo lililonitesa. Nguo zake ndugu zake waligawana baada ya matanga, kama desturi ilivyo. Kule kungoja ndiko kulikokuwa kwangu peke yangu. Nikiacha kungoja, nabaki na nini chake? Na nisipoacha, nitakaa pale mlangoni na mkoba wangu hadi nizeeke. Nilifanya mazoezi uani kila jioni, nikikasirika, nikirudia, nikimwomba anisamehe. Mama mkwe alikuwa mlangoni pake, anatabasamu, nami sikujiuliza kwa nini.

Jumapili iliyopita niliweza. Kambale akanizungusha, nikaendelea. Akanizungusha tena, nikaendelea. Watu wakapiga makofi. Nilifurahi, dada, sitakudanganya, nilifurahi kutoka tumboni, nikarudi Bwera nikiimba.

Jioni ya kesho yake nikakunja turubai nikacheza. Mama mkwe akatega sikio. Tabasamu likamwondoka.

"Leo unacheza peke yako," akasema. Kumbe jioni zote zile, katika kule kungoja kwangu, alikuwa akimsikia mwanawe.

Nikaketi chini nikalaza kichwa changu mapajani pake, tukalia wote wawili mpaka giza likaingia. Halafu akaniomba nimchezee kama zamani, mara moja tu. Nikasimama nikajaribu. Nilizunguka, nikasimama palepale nilipozoea kusimama. Lakini nilikuwa nimesimama tu, dada. Hakuna aliyekuwa anakuja.

Jumapili nitakwenda tena Kasese. Watu na waseme.

Msalimie shemeji, baba watoto wako, mwambie aache kubeba magunia. Mpe shikamoo mama mdogo aliyetulea, na umwambie mwenyekiti wa jumuiya aniombee hata kama dansi haipendi. Wewe niombee zaidi ya wote.

Ni mimi mdogo wako ninayekukumbuka kila siku,

Veronika, mke wa Baluku