Goti Langu na Tyubu Kumi na Nane

Mpendwa Mshauri, nakujia nikichechemea, nisaidie, maana nyumbani sisikilizwi. Mimi ni fundi baiskeli, ufundi nimejifunza mwenyewe, miaka thelathini na mmoja nachuchumaa, na goti la kulia linaniuma mwaka wa saba sasa. Daktari akasema ni baridi yabisi, kwamba goti likivimba muda mrefu huota ndani yake vijishipa vya damu ambavyo havikuwapo, na mishipa ya fahamu huota navyo, ndiyo maana maumivu hayaishi, na kwamba wapo wataalamu wa kuviziba, nisubiri wiki sita. Siku arobaini na mbili! Mimi pancha naiziba kwa dakika nane. Nikasema kama shida ni damu, si nifunge njia? Nikakaza tyubu ya baiskeli pajani, juu kidogo ya goti, siku ya kwanza dakika kumi, ya pili ishirini, jana arobaini na tano, na nakuapia goti lilinyamaza. Mke wangu akaingia, akaona vidole vya mguu vimekuwa rangi ya bilinganya, akaikata tyubu mpya kabisa kwa mkasi wangu mwenyewe. "Baba watoto, mguu unaufunga kama kuku wa kuuzwa?" Leo kaficha tyubu zote kumi na nane na wateja wamejaa mlangoni. Vidole viwili bado vina ganzi, ila hilo si hoja. Nimwambieje azirudishe?

Fundi Dakika Nane

Fundi, pole na goti. Pole imeisha, sasa sikiliza. Uliambiwa vijishipa vyembamba kama uzi, ndani ya goti. Wewe umefunga damu ya mguu mzima, halafu unajisifu goti limenyamaza. Hata maiti halalamiki! Wataalamu hao hupitisha mrija mwembamba mpaka kwenye vijishipa vyenyewe, wakaviziba hivyo tu, mishipa mingine wakaiacha, na hata wao hawaahidi kila mtu nafuu. Mteja akileta pancha, unatafuta tundu kwenye beseni la maji au unafunga gurudumu kamba?

Hesabu zako kali, ila vidole viwili umeviruka. Hiyo ndiyo hoja. Funga karakana sasa hivi, nenda hospitali ya karibu, useme kweli yote, tyubu na dakika zake. Goti litasubiri wiki sita, mguu hauwezi. Miadi usiikose. Na kuchuchumaa basi: baiskeli itundike, wewe ukae kitini.

Mkeo mwambie asante, kisha mwombe akusindikize. Tyubu utazipata ukirudi, akishakuhesabu vidole vikatimia kumi.