Kwa Nini Sikuiwahi Arusi ya Rukia

Maputo, Jumatano

Mke wangu Mwatumu, mama Rukia,

Assalaam alaykum. Ipokee salamu hii hata kwa moyo mzito, maana salamu ni haki hata ya mtu uliyemkasirikia. Hujambo wewe? Presha ya mama imetulia? Wakwe zetu wa Bamburi wamerudi makwao salama, au bado wako hapo Utange wanamalizia biriani na kuniteta? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Roho siwezi kuisemea.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zangu hupokei. Nikipiga inalia mpaka inachoka yenyewe. Nikituma ujumbe wa sauti naona umeusikiliza, kisha kimya. Ilibidi nimpigie Kaka Hamisi, na yeye ndiye aliyenambia: "Bakari, mkeo ameonyeshwa picha." Nikamuuliza picha gani tena. "Ile uliyosimama mbele ya ngome ya Wareno, miwani usoni, meno yote nje. Siku ile ile ya ndoa. Iko kwenye ukurasa wa kampuni yenu, na Utange nzima imeiona."

Basi nikajua ninakoungulia. Omari, yule fundi wa friji wa Changamwe ninayekaa naye hapa, amemaliza mkataba wake na keshokutwa anapanda ndege. Nimemwapisha akupe barua hii mkononi mwako, si kwa mtu mwingine. Isome mpaka mwisho. Ukishaimaliza, ukitaka kuichana, ichane.

Ilikuwa hivi. Siku ya arusi ilipopangwa, nilimwendea bosi wangu nikamwomba ruhusa. Akanambia kuna safari moja kubwa na hana dereva mwingine wa kuiendesha: Mreno mmoja na binti yake wanataka kupita pwani yote kwa gari, kutoka hapa Maputo mpaka Kisiwa cha Msumbiji kule kaskazini, wakilala katika kila mji wa kale. Akasema, "Ukiwafikisha, liache gari Nampula kwa wakala wetu. Hapo kuna ndege ya Nairobi. Utafika kwenu na wiki nzima mkononi." Pasipoti yangu alikuwa nayo yeye, maana sisi madereva wa kigeni wote alituchukulia pasipoti tupate vibali vipya vya kuishi. Akasema usijali, itakusubiri Nampula kwa wakala. Tukapeana mikono. Mimi ni mtu wa kuamini mkono, Mwatumu, na wewe wajua hivyo toka zamani.

Yule Mreno anaitwa Bwana Duarte, mtu wa makamo ya Kaka Hamisi, mpole, ana goti bovu. Alizaliwa Beira baba yake akifanya kazi ya reli, wakaondoka yeye akiwa mtoto wakati Wareno walipoondoka nchi hii. Bintiye anaitwa Teresa. Huyo kazi yake ni kupiga picha, na ndiye aliyenipikia balaa.

Kutoka Maputo tulikwenda vizuri kwa kiasi cha saa mbili. Baada ya hapo ikawa kila ukuta uliobanduka rangi, "Bakari, simama." Kanisa, simama. Stesheni, simama. Nyumba isiyo na paa iliyoota mti ndani, simama, tena hapo wanakaa zaidi kuliko kwenye nyumba nzima. Inhambane ni mji wa Wareno kabisa, umekaa kando ya ghuba, kimya, una kanisa na msikiti wa zamani. Wao waliuzunguka kwa miguu mpaka jua likazama, mimi niko garini nahesabu kichwani: leo tungekuwa Vilankulo, kesho tungekuwa Save. Sisi tumekulia ng'ambo ya ngome ya Wareno ya kwetu Mombasa, twaiona kila tukivuka kwenda mjini, na sijapata kumwona mtu wa Kisauni akilia kwa sababu yake.

Beira ndipo tulipoharibikiwa. Bwana Duarte alikuwa na jina la mtaa wa nyumba aliyozaliwa, lakini mitaa yote ilibadilishwa majina. Tukazunguka. Kimbunga nacho kilipiga mji ule, nyumba nyingine hazipo. Siku ya kwanza hatukuipata. Nikamwambia Teresa kwa adabu, "Dada, kama haipo haipo. Mimi nina arusi ya mwanangu, na njia iliyo mbele yetu ni mbaya." Akanambia, "Baba yangu amengoja maisha yake yote kwa ajili ya nyumba hii." Nikamjibu, "Na mimi binti yangu nina mmoja tu." Akatazama dirishani. Nilidhani ameelewa.

Siku ya pili nyumba ikapatikana. Ni ghorofa moja, ina roshani, na ndani wanaishi watu, tena wengi. Mama mwenye nyumba alikuwa anasonga ugali hapo juu. Alipoambiwa mgeni huyu alizaliwa humu, akamtazama kwanza kama anayemtazama mdai, kisha akasema, "Haya, pita, lakini chumba cha nyuma kuna mgonjwa." Bwana Duarte akapita, akagusa ukuta, akagusa kizingiti, akakaa kwenye ngazi akalia. Yule mama akamletea maji. Wallahi nilimhurumia. Sina moyo wa jiwe. Lakini aliponyanyuka akasema, "Bakari, tutakaa Beira siku nyingine mbili. Nataka kurudi hapa asubuhi nione jua likiingia," huruma yangu yote ikakauka. Mtu anakaa siku mbili kulitazama jua katika nyumba ya watu wengine, na mimi nyumba yangu mwenyewe inapambwa, sipo!

Nilimpigia bosi. Akasema mteja ndiye mwenye safari. Nikakupigia wewe siku ile, unakumbuka? Ukanambia, "Wakwe wapo hapa, wanakusalimu, nimeweka spika." Nikasema salamu zao zimefika, nitachelewa kidogo tu. Ningesema nini zaidi, na mama mkwe wa Rukia anasikiliza?

Tulipotoka Beira barabara ikatumaliza. Usiifikirie barabara ya Malindi. Ni mashimo ya kumfukia ng'ombe, na malori ya mizigo yanayakwepa kwa kukujia wewe usoni. Kabla hatujafika Caia, kwenye daraja la Zambezi, springi ya nyuma ikakatika. Gari likakaa upande kama kuku aliyevunjika mguu. Fundi wa Caia alikuwa mtu mwema, lakini springi hana, ikabidi iagizwe Beira, na lori lililoileta nalo likaharibika njiani. Wiki yangu moja ya mkononi ikaishia pale chini ya gari, mgongo wangu mchangani. Bwana Duarte alikuwa ananiletea soda na kuniomba radhi. Teresa alikuwa anapiga picha za springi iliyokatika.

Quelimane tulilala tukaondoka alfajiri; hapo hata wao waliona haya kusimama. Tukaingia Nampula Ijumaa mchana. Arusi Jumamosi. Bado nilikuwa na tamaa, Mwatumu! Nilishauliza, ndege ya Nairobi ilikuwepo jioni ile. Ningelala Nairobi, nishuke na treni ya asubuhi, nifike Miritini mchana, nijitupe msikitini na vumbi langu kabla ya alasiri. Nikawaacha wageni hotelini wanakula, nikaenda mbio kwa wakala.

Wakala ni kijana mnene, anatafuna. "Pasipoti? Pasipoti gani?"

"Yangu. Bosi ameituma."

Akafungua droo, akafunga. "Hapa haijaja bahasha yoyote."

Nikampigia bosi mbele yake. Mara ya kwanza hakupokea. Mara ya tatu akapokea, na nikasikia watoto wanacheza nyuma yake, yuko kwake. Akanambia, "Ah, Bakari. Vibali havijatoka. Pasipoti zenu zote bado ziko hapa Maputo. Wapeleke wageni kisiwani, Jumatatu tutaona." Anasema hivyo kama mtu anayezungumzia nguo kwa fundi cherehani.

Nilikaa kwenye ngazi za ofisi ile. Sikupiga kelele. Nilitaka kukupigia wewe nikashindwa, maana nilijua umekaa na wanawake wa hina, simu inazungushwa mkono kwa mkono. Nikampigia Kaka Hamisi. Nikamwambia, "Kaka, itakubidi umuozeshe wewe." Akasema, "Bakari, una hakika huna njia?" Nikamwambia kama ningekuwa na mbawa, mngekuwa mmeshaniona juu ya paa. Nilimwomba akueleze habari ya pasipoti. Jana ananambia alikueleza, ukamjibu, "Mtu aliyekwama hacheki vile." Basi ngoja nikwambie kuhusu kicheko hicho.

Jumamosi nilikuwa kisiwani. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda, na wageni walikuwa wangu mpaka Jumatatu. Kisiwa ni chembamba, unakifikia kwa daraja refu la gari moja moja. Upande mmoja kuna mji wa mawe wa Wareno, na mwisho wake ngome. Upande mwingine wanaishi watu wenyewe, Waislamu kama sisi, wamebanana. Nilisali adhuhuri na wao. Mzee mmoja wa pale anajua Kiswahili kidogo, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Mombasa. Akasema, "Mbali," akanipapasa bega. Siku ile hilo tu lilitosha kunivunja.

Alasiri Kaka Hamisi akapiga, kama tulivyoagana. Nilikuwa nje ya ngome, Teresa na baba yake wameingia. Nikavaa miwani, kwa sababu macho yangu hayakuwa ya kuonwa na watu. Nikasikia sauti ya shekhe, "Bakari, wanisikia? Wamuwakilisha nduguyo Hamisi amuozeshe binti yako Rukia?" Mtandao ukakata neno la Rukia. Nikasema, "Rudia, shekhe." Akarudia. Nikasema, "Naam, nimemuwakilisha." Shekhe akasema, "Sema kwa sauti, mashahidi wasikie." Nikapaza sauti. Nilipaza kiasi cha kuwafanya watalii wageuke. Nilikuwa nimeyauma meno nisilie, Mwatumu. Wakati huo huo Teresa akatokea mlangoni na kamera yake akapiga, kisha akanionyesha kidole gumba. Yeye aliona dereva mwenye furaha. Akamtumia bosi, naye akaiweka kwenye ukurasa wake na maandishi kwamba madereva wetu hufurahia kila safari.

Ndiyo picha hiyo. Itazame tena ukipenda. Utaona simu iko sikioni.

Wageni walipanda ndege Jumatatu. Bwana Duarte aliponiaga alikuwa ameshaambiwa habari ya arusi, akanishika mikono yote miwili. Sina kinyongo naye. Pasipoti nikaingoja Nampula mpaka Alhamisi, haikuja. Nikalirudisha gari Maputo peke yangu, pwani yote ile ile, mashimo yale yale, na sikusimama mahali ila kula na kujaza mafuta. Njiani nilikuwa nasema peke yangu kwa sauti. Nimemtukana bosi kwa Kidigo, kwa Kiswahili na kwa Kireno, na Kidigo ndicho kilichonisaidia zaidi.

Jana asubuhi nikaingia ofisini kwake. Nje kulikuwa na wageni wapya, mizigo chini, wanalingoja gari lile lile. Akanyoosha mkono. "Lete ufunguo."

Nikamwambia, "Lete pasipoti."

"Nimekwambia vibali..."

"Sitaki kibali. Nataka pasipoti. Ufunguo huu hapa mfukoni."

Akacheka kwanza. Kisha akapaza sauti, akasema ataita polisi. Nikamwambia waite, na mimi nitawauliza mtu anazuiaje pasipoti ya mwenzake. Nikavuta kiti nikakaa. Wageni wanachungulia mlangoni. Yule mama mhasibu, anayekaa kona na kamwe hasemi, akanyanyuka, akafungua kabati nyuma ya bosi, akaitoa, akanipa. Akamwambia bosi kwa utulivu, "Hazijapelekwa uhamiaji hata siku moja, na wewe unajua." Zilikuwa zote kabatini, Mwatumu, za madereva wote, toka siku ile tulipompa. Nikaweka ufunguo mezani nikatoka. Akanifuata mpaka barazani akinambia nisirudi tena.

Kwa hiyo kazi sina. Sijui habari hii itakuongezea hasira au itakupunguzia, yote nitayapokea. Ijumaa napanda basi la Tete, kisha Malawi, Mbeya, Dar, Tanga, niingie Lunga Lunga, inshallah. Omari atafika kabla yangu, na nimetaka iwe hivyo, ili maneno haya yakufikie kabla ya uso wangu.

Msalimie mama, umwambie namwombea. Msalimie Kaka Hamisi aliyesimama mahali pangu, na shemeji aliyepika. Wape salamu wakwe wa Bamburi, na mkwe wangu mpya ambaye sijampa mkono. Mwambie sina neno naye, ila nataka kumtazama machoni.

Rukia mwambie asisugue mikono yake kwa sabuni ya unga mpaka nifike. Nataka kuiona hina. Najua siku hiyo itakuwa imefifia, imebaki kwenye kucha tu. Nitaitazama kwenye kucha.

Mumeo,
Bakari